Mchanga mweusi wa bondeni: namna ya kupima kama kweli una kromiti ya kuchimbika

Akina mama wanaoosha dhahabu kwenye mito ya Pokot Magharibi wanaujua vizuri mchanga mweusi. Ndio unaobaki mwisho chini ya karai, mzito, hautaki kwenda na maji. Wengi huumwaga. Siku hizi wanakuja watu wakiwaambia wenyeji kwamba hiyo ni kromiti, yaani madini yanayotoa kromiamu, metali inayotiwa kwenye chuma kisichoshika kutu, na bonde lao ni utajiri. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na kupima si kazi ya ajabu. Pata kwanza kibali na uzungumze na wenye ardhi, kisha fuata hatua hizi.

1. Anzia mlimani. Kromiti haizaliwi mtoni. Hutoka kwenye miamba kama serpentini, lile jiwe la kijani kibichi linaloteleza mkononi kama sabuni, na milima ya Sekerr inayo. Panda na mto ukiangalia mawe yaliyoporomoka. Usipoliona jiwe hilo wala ndugu zake popote juu, mchanga wako mweusi huenda ni magnetiti tu, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku.

2. Chimba hadi mwambani. Michirizi myeusi juu ya mchanga inadanganya, kwa sababu mvua ya juzi imeosha chepesi na kuacha kizito. Nilipoanza kazi niliwahi kujaza mifuko kwa michirizi hiyo. Majibu ya maabara yalikuja mazuri mno, tukafurahi, lakini tulipochimba mashimo hapakuwa na kitu cha maana chini yake. Chimba kwenye upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya mawe makubwa na kwenye kingo za zamani zilizoachwa juu na maji. Chukua sampuli kila nusu mita, kila moja kwenye mfuko wake, kina kikiwa kimeandikwa.

3. Pima mchanga kabla ya kuuosha. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Karai lenye weusi wa kupendeza halisemi lolote kama hujui ulianza na mchanga kiasi gani. Tumia ndoo ya lita 20. Ndoo 50 ni mita moja ya ujazo. Osha ndoo nzima, kausha mabaki, yapime. Ukipata gramu 300, hiyo ni kilo 15 kwa kila mita ya ujazo. Kumbuka mchanga uliochimbuliwa hufura, kwa hiyo pima na shimo lenyewe, urefu, upana na kina.

4. Tenganisha kwa sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu. Magnetiti itaruka na kuning'inia kama ndevu. Kromiti hubaki chini, au huvutwa kidogo tu na sumaku kali. Kisha ponda punje chache kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'aa. Unga wa kahawia ni dalili ya kromiti. Unga mweusi ni magnetiti au ilmeniti, madini mengine meusi yenye chuma na titani.

5. Maabara. Waambie mapema kwamba mnatafuta kromiti. Haiyeyuki vizuri kwenye asidi za kawaida, hata ile ya kuyeyushia dhahabu, na ukipimiwa kwa njia hiyo utapewa namba ndogo kuliko ukweli. Omba iyeyushwe kwa moto pamoja na sodiamu peroksaidi, au ipimwe kwa mashine ya eksirei. Omba kromiamu oksaidi na chuma pamoja, maana mnunuzi huangalia uwiano wa kromiamu kwa chuma. Oksaidi ya kromiamu asilimia 45 zidisha kwa 0.684, upate kromiamu 30.8. Oksaidi ya chuma, ikiwa imeandikwa FeO, asilimia 25 zidisha kwa 0.777, upate chuma 19.4. Gawanya: 1.6. Tanuri za ferokromu (mchanganyiko wa chuma na kromiamu) za Afrika Kusini hutumia madini ya kiwango hicho, lakini bei yake si ile ya madini yenye uwiano wa 3.

6. Piga hesabu ya bonde zima. Tuseme mashimo yako yameonyesha mchanga wa urefu wa mita 600, upana 40, kina 1.5. Hizo ni mita za ujazo 36,000. Kwa kilo 15 kila mita, una tani 540 za mchanga mweusi. Nusu ikiwa magnetiti, kromiti ni tani 270, yaani malori kama kumi makubwa. Kwa malori kumi utageuza bonde zima, mashamba na malisho yakiwemo. Hapo utaelewa kwa nini mabonde mengi ya namna hii yameachwa bila kuchimbwa. Mwaka 1943 Wamarekani walichimba mchanga mweusi wa kromiti kwenye pwani ya Oregon, lakini ni kwa kuwa Vita vya Pili vya Dunia vilihitaji kromiamu.

Mimi hesabu ikitoka hivyo, humwambia mwenye bonde aache mto, tupande tutafute mshipa ulioleta hizo punje. Punje zenye kona kali bado hazijasafiri mbali.

7. Fukia mashimo siku hiyo hiyo. Shimo la mita moja na nusu likijaa maji mvua ikinyesha, mbuzi hulifuata, na mtoto humfuata mbuzi.