Ukishuku Moyo wa Sungura Wako Mkubwa: Mwongozo kwa Mfugaji wa Dodoma

Sungura wa mbegu kubwa, kama vile Flemish Giant ambaye asili yake ni Ubelgiji na ambaye akikomaa hufikia kilo 6, 7 na hata zaidi, kwa kawaida haishi muda mrefu kama sungura mdogo. Wengi wao huishi miaka 5 hadi 8, na miongoni mwa maradhi yanayowaandama zaidi kuliko wenzao wadogo ni ugonjwa wa misuli ya moyo, ambapo moyo hutanuka, nguvu zake za kusukuma damu hupungua, na hatimaye maji hujikusanya katika mapafu, kifuani au tumboni. Mfugaji hawezi kuuthibitisha ugonjwa huu kwa macho. Anachoweza ni kuona mapema kwamba kuna jambo, kuandika anachokiona kwa namna itakayomsaidia daktari wa mifugo, na kumwondolea mnyama mizigo ambayo moyo dhaifu hauwezi kuibeba.

Kwa mkazi wa Dodoma, ugumu wa kwanza ni joto. Mwezi wa Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado hazijaanza, mchana hufikia nyuzijoto 31 au zaidi, na chini ya paa la bati lisilo na dari hali huwa mbaya kuliko hiyo. Sungura hatoi jasho. Joto lake hulitoa hasa kupitia masikio na kwa kuhema. Kwa hiyo sungura mwenye moyo mzima, akiwekwa kwenye banda la bati saa nane mchana, atahema kana kwamba ni mgonjwa. Ndiyo maana nashauri kwamba kabla ya kutafuta dawa yoyote, upate kwanza hesabu ya pumzi iliyochukuliwa wakati wa ubaridi.

Hesabu hiyo ni rahisi. Chagua saa tatu asubuhi au saa nne usiku, mnyama akiwa amelala au amejinyoosha bila wasiwasi, na usimguse kabisa. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka, ambapo kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja, uhesabu kwa sekunde 30, kisha uzidishe kwa 2. Kama macho yanakuchanganya, mrekodi kwa simu na urudie kuhesabu kwenye picha ya video. Sungura aliyetulia huvuta pumzi 30 hadi 60 kwa dakika, lakini kipimo kilicho bora ni cha sungura wako mwenyewe: ukimhesabu siku kadhaa mfululizo utajua kwamba wa kwako hukaa, tuseme, kwenye 40. Siku atakapokaa kwenye 65 usiku wa ubaridi, na kesho yake ikawa vivyo hivyo, una habari ya kumpelekea daktari. Andika kila tarakimu kwenye daftari pamoja na saa na hali ya hewa. Daftari la wiki mbili lina thamani kuliko maelezo marefu ya mdomo, kwa sababu sungura akifika mezani kwa daktari huwa na hofu, na mnyama mwenye hofu pumzi na mapigo yake hayaaminiki.

Pamoja na pumzi, ziko dalili nyingine za kuziangalia. Masikio yaliyo baridi wakati hewa ni ya joto humaanisha kwamba damu haifiki pembezoni mwa mwili ipasavyo. Yule aliyezidiwa na joto tu, masikio yake huwa ya moto. Tazama kama anachoka baada ya mizunguko michache, kama miguu ya nyuma inalegea, kama ameanguka ghafla na kuzinduka, au kama macho yote mawili yameanza kutokeza. Uzito nao hudanganya. Sungura wa moyo anaweza kubaki na kilo zilezile kwenye mizani huku uti wa mgongo ukichomoza na tumbo likijaa, kwa kuwa nyama imepungua na maji yameongezeka. Kwa hiyo kila wiki mpime na pia mpapase mgongoni.

Usiuhukumu moyo haraka, hata hivyo. Nimonia inayotokana na bakteria huanza mara nyingi na mafua, kamasi puani na manyoya yaliyolowa kwenye miguu ya mbele anayojifutia. Maumivu, unene na upungufu wa damu huongeza pumzi. Jike ambaye hajawahi kuondolewa kizazi na amepita miaka 4 anaweza kuwa na saratani ya mji wa mimba, nayo hupenda kusambaa hadi mapafuni. Vilevile, jiulize anakula nini. Majani, maganda na tunda la parachichi vina sumu inayoharibu misuli ya moyo wa sungura, na baadhi ya dawa za kuzuia koksidia, yaani vijidudu vya utumboni vinavyoleta kuhara, zinazochanganywa katika chakula cha kuku ni sumu kwa misuli hiyo hiyo. Chakula cha kuku kinapatikana kila duka la pembejeo na watu wengi huwamwagia sungura kwa kudhani kwamba mifugo ni mifugo. Kiondoe leo hii.

Unapotafuta daktari, mwulize waziwazi kama amewahi kutibu sungura na kama anaweza kupata eksirei ya kifua na ultrasaundi ya moyo, kwani ultrasaundi ndiyo inayoonyesha unene wa kuta na nguvu ya moyo wenyewe. Vipimo hivyo visipopatikana mjini, zungumza naye juu ya rufaa ya kwenda Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Safari ni ya kilomita 260 hivi, na kwa mnyama huyu safari yenyewe ni hatari. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Mweke kwenye boksi lenye matundu na taulo lisiloteleza. Weka pembeni chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwa kitambaa, na nyasi za kutosha, maana sungura hatapiki na hana haja ya kufungishwa kula. Umbebe kifua na matako kwa pamoja, wala usimlaze chali, kwa sababu tumbo lake zito litayabana mapafu ambayo tayari yana shida.

Daktari akithibitisha, mara nyingi ataanza na furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, na huenda akaongeza dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu au ya kulegeza mishipa. Kipimo hutokana na uzito, na figo zapaswa kuchunguzwa kwa damu. Dawa ya presha ya babu iliyobaki kabatini haina kazi hapa. Vilevile usikubali amoksilini au penisilini ya kunywa "kwa ajili ya kifua": dawa hizo huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, naye anaweza kufa kwa kuhara kabla hata moyo haujamsumbua. Anayekunywa furosemidi atakojoa sana, hivyo asikose maji hata saa moja, na bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa ya kunyonya kwa kuwa humpa maji bila jitihada. Kidonge kinaweza kufichwa ndani ya nusu punje ya zabibu, nazo zabibu Dodoma hatuzikosi, ilimradi isigeuke kuwa mlo.

Banda ndilo linalodai kazi kubwa zaidi. Mshushe chini ili asiruke wala kupanda, na umtandikie sakafu laini, kwani mwili mzito usiosogea huota vidonda kwenye nyayo. Weka safu nene ya nyasi juu ya bati. Kisha ning'iniza gunia lililolowa upande unakotokea upepo. Hewa ya kiangazi ya Dodoma ni kavu, hivyo maji hukauka upesi na kuipoza kweli, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulitegemea. Nyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisimwingie puani. Juni na Julai usiku huwa na baridi ya upepo, na hapo gunia liwe kavu. Nyasi kavu zisizo na ukungu ziwe sehemu kubwa ya chakula chake. Ondoa jiwe la chumvi, mkate na ugali. Mwenzake wa bandani asitengwe kama wanaelewana, ila watoto na mbwa wakae mbali.

Akianza kupumua kwa mdomo, akainua pua juu huku shingo imenyooka, au midomo na ulimi vikawa na rangi ya bluu, hiyo ni dharura. Kwa maumbile yake sungura hupumua kwa pua, na anayefungua mdomo amefika ukingoni. Mlaze kwa tumbo kivulini, umloweshe masikio kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, usimlishe wala kumnywesha kwa nguvu, kisha mpigie daktari ukiwa tayari njiani. Kutokula kwa saa 12, hata kama pumzi ni nzuri, nako ni sababu ya kwenda siku hiyo hiyo, kwa sababu utumbo wake ukisimama hauvumilii kusubiri.

Ugonjwa huu haurudi nyuma kwa wengi. Pumzi zikibaki juu licha ya dawa, na mnyama akaacha kujisafisha na kusogelea chakula, mwombe daktari amfishe kwa sindano isiyomtesa. Sungura aliyekunywa dawa asiwe kitoweo, hata jirani akikubembeleza vipi. Ukipenda kujua kilichomuua, mzoga uliopozwa bila kugandishwa unaweza kupelekwa mapema kuchunguzwa. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Dodoma. Majibu hayo mpelekee pia aliyekuuzia, kwa kuwa ndugu wa sungura huyo huenda bado wanazalishwa.