Tarumbeta ikiachia kiungo, usiipeleke kwa welda

Vijana wa Kakamega na Vihiga mnaotafuta ufundi, tazameni bendi za Jeshi la Wokovu huku kwetu. Tarumbeta zimebonyea, viungo vimeachia, na fundi wake ni wa kutafutwa kwa tochi. Kama umewahi kuziba rejeta ya shaba, mkono tayari unao. Kazi ni ya lehemu, si ya kuchomelea. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu na digrii 190, ilhali moto wa welda hulainisha bomba lote na kuharibu sauti. Safisha kiungo mpaka king'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), pitisha moto mdogo, na lehemu ikimeremeta kama maji, ipanguse kwa kitambaa kabla haijaganda. Nimeona tuba nzuri, ile tarumbeta kubwa ya sauti nene, ikiharibiwa kwa haraka ya dakika mbili, na iliniuma sana.

Pistoni, yaani vali zinazobonyezwa kwa vidole, zina namba 1, 2 na 3; ukizichanganya, pumzi haipiti. Osha kwa maji vuguvugu. Ukikuta madoa ya waridi, chunguza vizuri: mara nyingi zinki iliyochanganywa kwenye shaba imeliwa kutoka ndani, na bomba hilo ni la kubadilishwa, halizibiki.