Jinsi ya Kumtafuta Babu Katika Daftari za Zamani

Wengi wanaotafuta habari za ukoo wao Tanzania Bara huvunjika moyo mapema kwa sababu huanza kwa kuomba cheti cha kuzaliwa cha babu, ilhali wakati wa ukoloni usajili wa vizazi haukuwa lazima kwa Waafrika. Anza na wazee. Waulize majina yote ya marehemu, yaani la utotoni, la jandoni, la dini na lile la kazini, kwani katika mashamba ya mkonge manamba (vibarua wa mkataba) wengi walitambuliwa zaidi kwa namba kuliko kwa majina ya baba zao. Mzee asipoujua mwaka, muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Muulize pia jina la jumbe au mangi, yaani mtawala wa mahali pale, kwa sababu wilaya zimegawanywa na kupewa majina mapya, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi, hivyo kijiji cha leo huenda si kile alichozaliwa babu.

Kwa familia za Kikristo, daftari la ubatizo ndilo hazina kubwa kuliko zote, na ndilo pia linalochosha. Katika daftari za Kikatoliki zilizoandikwa kwa Kilatini, Yohana ni Joannes, na jina Petri likifuata neno filius, yaani mwana, humtaja baba, si mtoto. Wajerumani nao waliandika kwa tahajia yao: Moshi ikawa Moschi, Ujiji ikawa Udschidschi. Kwa hiyo jina linaloanza na J litafute pia kwenye D, na linaloanza na Ch (kwao Tsch) kwenye T. Miji mingine waliipa majina yao: Lushoto itafute kama Wilhelmstal, na Tukuyu kama Neu-Langenburg. Nasisitiza hili: usimwachie karani jina moja akutafutie, kwani asipoliona kama ulivyoliandika atakujibu kuwa halipo. Nenda na barua ya utambulisho, umwombe paroko kwa heshima akuruhusu kupitia ukurasa baada ya ukurasa, na unakili hata majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana huenda ni ndugu.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayewatafuta bibi zake, ulizia majalada ya mirathi mahakamani. Inaumiza kuona mwanamke aliyelea ukoo mzima akiandikwa tu kama mke wa fulani; katika shauri la mirathi, wajane na mabinti wana nafasi ya kutajwa kwa majina yao wenyewe.

Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam ziache mwisho, utakapokuwa na majina, mahali na miaka ya kukisia, kwa kuwa majalada ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa mkono humhitaji msomaji anayeujua mwandiko wa zamani. Kila daftari ulilopitia liandike, pamoja na miaka yake na kurasa zilizoliwa na mchwa, hata kama hukupata kitu, ili ndugu atakayeendelea asirudie kazi hiyo.