Somo: Takwimu zipi zinatabiri ushindi kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani

Wakuu, msimu wa vyuo ukishaanza, kila Jumamosi usiku malalamiko ni yale yale: "Tumemiliki mpira dakika 36, tumepata yadi 450, imekuwaje tumefungwa?" Somo hili ni la anayejua sheria tayari (majaribio manne, yadi 10) na anataka kujua atazame nini kabla ya mechi ya wiki ijayo. Daftari na kalamu vinatosha. Anayependa Excel, collegefootballdata.com hutoa data ya kila jaribio bila malipo.

Tukubaliane kwanza kwamba takwimu inayoeleza mechi iliyokwisha si lazima itabiri inayokuja. Kwotabeki wako (mrusha pasi) akinaswa pasi nne leo, umekwisha, halina ubishi. Swali ni kama atanaswa nne tena Jumamosi ijayo. Takwimu ya kutabiria ni ile inayojirudia wiki hadi wiki.

Hatua ya 1: Ondoa takwimu za bure

Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, na vyuo vikubwa huwa na desturi ya kualika timu moja ya FCS (daraja la chini yao) na kuilipa ije kuchapwa. Mechi hiyo itoe kwenye hesabu. Futa pia dakika za mwisho za mechi iliyokwisha kuamuliwa, pale kocha ameshaingiza wachezaji wa akiba.

Tazama Nebraska ya 2021. Walishinda 3 wakapoteza 9, lakini kwa msimu mzima walifunga pointi 335 na kufungwa 272. Ipo kanuni maarufu: pandisha pointi za kufunga kwa kipeo cha 2.37, fanya vivyo hivyo kwa za kufungwa, kisha gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Inakupa sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Kwa Nebraska inatoka 0.62, yaani ushindi 7 na kidogo kati ya 12.

Sasa toa mechi ya Fordham, timu ya FCS waliyoichapa 52-7. Zinabaki pointi 283 kwa 265, na kanuni inasema ushindi karibu 6 kati ya 11. Bado ni zaidi ya 2 walizopata kweli, lakini mechi moja tu imekula zaidi ya ushindi mmoja mzima wa matarajio. Angalia na hili: ushindi wao mwingine ulikuwa 28-3 dhidi ya Buffalo na 56-7 dhidi ya Northwestern, na vipigo vyote tisa vilikuwa vya pointi 9 au pungufu. Ukikutana na timu yenye jumla nzuri na rekodi mbovu, fungua mechi moja moja kabla ya kuihurumia.

Hatua ya 2: Yadi kwa kila jaribio

Jumla ya yadi inadanganya kwa sababu timu zingine hucheza haraka na kupata majaribio 85, zingine 60. Gawa yadi kwa idadi ya majaribio, fanya hivyo kwa ushambuliaji na kwa ulinzi (yadi walizoruhusu), kisha toa ya ulinzi kwenye ya ushambuliaji. Kama ningeruhusiwa namba moja tu, ningechukua hii. Timu yenye tofauti ya yadi 1 nzima juu ya wapinzani wa maana ni ya kuogopwa, hata kama imeshafungwa mechi mbili.

Hatua ya 3: Kiwango cha mafanikio

Wastani una kasoro yake: mbio moja ya yadi 80 inaficha majaribio kumi ya bure. Hapo ndipo kinapoingia kipimo kilichoenezwa na mchambuzi Bill Connelly. Jaribio la kwanza limefaulu likipata asilimia 50 ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote.

Mfano: jaribio la kwanza, yadi 10, mkimbiaji anapata 4. Limefeli, maana alihitaji 5. La pili zimebaki 6, pasi inaleta 5. Limefaulu. La tatu imebaki 1, wanapata 2. Limefaulu. Kiwango ni 2 kati ya 3. Fanya hivyo robo moja tu ya mechi kwa mkono na utaanza kuona ni nani anayeusukuma mchezo na nani anaishi kwa kubahatisha.

Wengi hukimbilia asilimia ya jaribio la tatu kwa sababu watangazaji huitaja sana. Mimi naiweka chini. Majaribio hayo ni machache kwa mechi, na ugumu wake umeshaamuliwa na yale mawili yaliyotangulia.

Hatua ya 4: Safisha hesabu ya mbio

Huu ni mtego wa vyuo. Kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari, yadi alizopoteza hukatwa kwenye MBIO, tofauti na ligi ya kulipwa ambako hukatwa kwenye pasi. Tuseme wakimbiaji wamekimbia mara 30 kwa yadi 150, na kwotabeki kaangushwa mara 5 kwa hasara ya yadi 35. Karatasi ya mechi itaandika mara 35, yadi 115, wastani 3.3. Wakimbiaji wenyewe wamepata 5.0! Rudisha yadi hizo kwenye pasi kabla hujasema timu haijui kukimbia.

Na ile kauli kwamba anayekimbia zaidi ndiye hushinda, mara nyingi imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayeongoza ndiye hukimbia sana, ili saa iishe.

Hatua ya 5: Kumalizia

Hesabu zamu zote za kushambulia zilizovuka mstari wa yadi 40 wa mpinzani, ugawe pointi zilizopatikana kwa zamu hizo. Anayerudi na pointi 3 kila akifika atakuja kujuta.

Hatua ya 6: Mipira iliyopotezwa

Hapa pana bahati nyingi. Mpira ukiponyoka, kuudaka ni karibu nusu kwa nusu, kwa umbo lile hakuna ajuaye utadundia wapi. Pasi zilizoguswa na walinzi, takriban 1 kati ya 5 hunaswa. Kwa hiyo hesabu walivyogusa pasi na walivyoponyosha mipira, si walivyofaidi tu. Timu iliyodaka karibu kila mpira ulioponyoka, tarajia irudi chini.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, kwa hiyo muda wa kumiliki mpira hauna kazi kabisa?*

Kwa kutabiri, karibu hauna. Oregon ya Chip Kelly mwaka 2010 iliongoza nchi kwa ufungaji, ikafika fainali na kufungwa na Auburn 22-19, huku msimu mzima ikimiliki mpira chini ya nusu ya muda. Walikuwa wanafunga upesi.

*Kwenye soka tuna xG (mabao ya kutarajiwa). Huku kuna mfano wake?*

Upo, unaitwa EPA. Kila hali uwanjani ina pointi zake za kutarajiwa, na jaribio hupimwa kwa namna lilivyozipandisha au kuzishusha. Ni bora kuliko yadi, ila usihesabu kwa mkono, utakesha.

*Naweza kuwekea mkeka?*

Pesa yako, uamuzi wako. Lakini wanaopanga odi wameshazila namba hizi zote kabla hujaamka, pamoja na habari za majeruhi. TCU (chuo cha Texas Christian) ya 2022 ilimaliza msimu wa kawaida 12-0, ikiwemo ile 29-28 kwa Baylor kwa teke la sekunde ya mwisho. Fainali wakala 65-7 kwa Georgia, mwaka uliofuata wakawa 5-7. Aliyefuata rekodi tupu alilia.

*Kama Nebraska walikuwa na bahati mbaya tu 2021, mbona 2022 hawakupona?*

Swali zuri sana. Walimaliza 4-8, na kocha Scott Frost alifukuzwa baada ya mechi tatu. Sehemu ya "bahati" ile ilikuwa vikosi vya mateke. Kwa Oklahoma, teke lao la pointi 1 lilizuiwa na kurudishwa hadi upande wa pili kwa pointi 2. Kwa Michigan State mpira ulipigwa upande mmoja, walinzi wakakimbilia mwingine, ukarudishwa yadi 62 hadi mwisho. Kisha 2022 mjini Dublin, wakiongoza 28-17, wakapiga teke fupi la kujirudishia mpira. Northwestern wakaudaka, wakashinda 31-28. Kwa hiyo kwenye daftari lako ongeza safu ya mateke, na nyingine ndogo ya maamuzi ya kocha. Hiyo ya pili haina kanuni. Andika tu ulichoona.