Sambaza siyo chakula cha samaki-simba

Wandugu wa Goma mnaofuga samaki-simba, yule Pterois mwenye mistari na mapezi kama manyoya: sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, ziacheni kwa bugali. Najua ni rahisi, asubuhi unazipata mbichi kabisa ufukweni, na huyu bwana akiona kitu kinang'aa anafungua mdomo bila kuuliza. Lakini sambaza ni samaki wa ziwa. Mafuta yake siyo yale ambayo mwili wa samaki wa bahari unayahitaji, na akila hizo tu miezi na miezi, afya inaharibika ndani kwa ndani.

Mpe kamba na ngisi wa barafu, wasiotiwa chumvi wala viungo. Yayusha kwenye kikombe, mwaga yale maji, kata vipande vidogo kuliko mdomo wake.

Kazi ni kumzoeza, maana kisichotembea kwake siyo chakula. Wangu alimtazama kamba siku nne kama vile nimemtukana. Nikazima pampu, nikachomeka kipande kwenye kijiti kirefu cha brosheti, nikakitikisa polepole mbele ya pua yake. Akatandaza mapezi, akasogea, akasimama... kap! Kimeenda.

Mkubwa anatoshwa na mara mbili tatu kwa wiki. Ataomba kila siku, usimwamini. Na kijiti kiwe kirefu kweli, miiba yake ina sumu. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi digrii 45, kisha nenda hospitali.