Seva tatu nyumbani, anwani moja ya intaneti

Laini ya nyumbani kwa kawaida hupewa anwani moja tu ya IP ya umma, na tovuti husubiriwa kwenye poti (milango yenye namba) 80 na 443. Ruta inaweza kuelekeza poti 443 kwa mashine moja tu. Ukiwa na seva ya blogu, ya picha za familia na ya faili za kazi, mbili zinabaki nje. Wengi huzipa poti zake, 8081, 8082 na kuendelea. Inawezekana, ila kila mgeni itabidi akariri namba, na mitandao mingi ya ofisi huzifunga poti hizo.

Dawa yake ni bawabu: mashine moja inapokea maombi yote, inasoma jina la domeni lililoombwa, kisha inalipeleka ombi kwa seva inayohusika. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, inaitosha kazi hii. Hapa tunatumia programu ya Caddy, kwa sababu inaomba vyeti vya HTTPS (vya muunganisho salama) na kuvihuisha yenyewe. Nginx nayo inafaa, lakini vyeti utavishughulikia kando.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha anwani ya umma unayo kweli. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN (ya upande wa intaneti), uilinganishe na inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ruta za laini ya simu nyingi ziko hivyo. Hapo kuelekeza poti hakutasaidia hata ukeshe. Omba anwani ya umma, au kodi seva ndogo nje iwe ndiyo mlango, uiunganishe na nyumbani kwa WireGuard, programu ya njia salama (VPN). Upande wa nyumbani weka PersistentKeepalive = 25, la sivyo njia hujifunga pakiwa kimya.

Kwenye ruta, zipe mashine zote anwani zisizobadilika kwa kutumia namba zake za MAC (utambulisho wa kila kifaa): bawabu 192.168.1.10, blogu .21, picha .22, faili .23. Ukiruka hatua hii, ruta ikizimwa na kuwashwa anwani zinaweza kubadilishana, na blogu ifunguke penye picha. Kisha, kwenye ukurasa wa Port Forwarding (ruta nyingine huuita Virtual Server), elekeza TCP 80 na 443 kwenda 192.168.1.10. Poti nyingine usifungue, hasa 22, ya SSH (kuingia kwenye mashine ukiwa mbali).

Kwenye domeni yako, weka rekodi ya A (inayofunga jina na anwani ya IP) kwa kila jina, zote zikielekea anwani ileile ya umma. Kama anwani hiyo hubadilika, programu ya ddclient itaisasisha.

Kwenye Debian 12, sakinisha kwa sudo apt install caddy, kisha andika haya ndani ya /etc/caddy/Caddyfile (8080 ni poti ambayo programu ya kila seva inasikiliza; seva ya faili iongeze kwa mtindo uleule):

```
blogu.mfano.com {
    reverse_proxy 192.168.1.21:8080
}

picha.mfano.com {
    reverse_proxy 192.168.1.22:8080
}
```

Usiiwashe upya Caddy bado. Anza kupima kutoka ndani. Ukiwa kwenye bawabu, andika curl -I http://192.168.1.21:8080. Isipojibu, nenda kwenye seva ya blogu uandike ss -tln. Ukiona 127.0.0.1:8080, programu inajisikiliza yenyewe tu. Ibadilishe isikilize 192.168.1.21. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha kosa la 502 (bawabu kukosa jibu la seva), na watu hupoteza saa nzima wakichokonoa ruta isiyo na hatia.

Ndani kukiwa sawa, andika sudo systemctl reload caddy, kisha pima kutoka nje: zima Wi-Fi ya simu, tumia bando. Ukipima ukiwa nyumbani, huenda tovuti isifunguke ilhali nje inafunguka, kwa kuwa ruta nyingi haziwezi kurudisha ndani ombi linaloelekea anwani yao ya umma. Tumia Pi-hole (programu ya DNS ya nyumbani) au DNS ya ruta, yaani huduma inayotafsiri majina kuwa anwani, majina hayo yajibiwe 192.168.1.10 kwa waliomo ndani.

Cheti kikigoma, usirudie rudie. Let's Encrypt, inayotoa vyeti hivyo, huruhusu majaribio 5 tu yaliyoshindwa kwa saa kwa kila jina. Soma kwanza kumbukumbu za Caddy kwa journalctl -u caddy. Mara nyingi utakuta rekodi ya A bado ni ya zamani au poti 80 imezibwa.

Umeme ukikatika ghafla, kadi ya SD inaweza kuharibika, kwa hiyo weka data kwenye SSD na uchomeke ruta pamoja na bawabu kwenye UPS. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri: ikiwaka kabla ya intaneti kurudi, tarehe hubaki nyuma na vyeti vinaweza kukataliwa. Andika timedatectl, ikionyesha saa haijasawazishwa, subiri mtandao urudi.