Mauzo ya airisi ya chama: mwongozo kwa aliyekabidhiwa kazi

Ukihudhuria mikutano ya chama cha wapenda maua ya airisi hapa Marekani mara tatu mfululizo, na mgongo wako bado unakubali kuinama, jua utapewa kazi. Wanachama wengi ni wazee waliostaafu, na mauzo ya matunguu (mashina manene ya kupandia) ya kila kiangazi ndiyo yanayolipia ukumbi, zawadi za maonyesho na oda ya aina mpya. Mwaka huu nimemwelekeza dada mmoja wa Bukavu, jirani yangu hapa Ohio, aliyechaguliwa kusimamia mauzo kabla hata hajatimiza mwaka chamani. Haya ndiyo niliyomweleza, nimeyapanga tu.

Nazungumzia airisi zenye ndevu, yaani zenye mstari wa nywele kwenye petali zinazoinama, zinazoota kutoka kwenye tunguu nene linalolala juujuu ya udongo kama tangawizi. Lile ua jeupe la majani membamba linaloitwa airisi ya Kiafrika, ambalo wengi mmeliona kwenye bustani za nyumbani Afrika Mashariki, ni Dietes. Ni la ukoo mmoja na hizi, lakini halihusiki hapa.

Hatua ya 1: Mpigie simu makamu wa kanda

American Iris Society, chama cha airisi cha nchi nzima, iliyoanzishwa mwaka 1920, imeigawa Marekani na Kanada katika kanda 24. Ohio, Michigan na Indiana ni kanda ya 6. Kila kanda ina makamu wa rais wake, naye anajitolea kama wewe, hana mshahara. Muulize vyama jirani vinauza lini msije mkagombania wateja, kisha uliza idara ya kilimo ya jimbo lako kama mauzo ya mimea ya chama yanahitaji kibali. Basi.

Hatua ya 2: Weka tarehe

Kwetu airisi ndefu huchanua kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Wiki 6 hadi 8 baada ya maua, tunguu limetulia na linavumilia kung'olewa. Ndiyo maana tunauza mwishoni mwa Julai au ndani ya Agosti, ili mnunuzi abaki na angalau wiki 6 za kupanda kabla ardhi haijaganda. Mlioko Texas na Arizona msifuate kalenda yetu. Kule tunguu likipandwa kwenye joto kali la kiangazi huoza, kwa hiyo subirini Septemba au Oktoba.

Hatua ya 3: Omba michango wakati maua yapo

Kamati nyingi huanza kuomba matunguu Julai. Julai airisi zote ni majani tu, na mwenye bustani mwenyewe anabaki kukisia. Wewe pita Mei. Andika mwenye bustani, aina, na vichaka vingapi anatoa. Piga picha inayoonyesha ua na kibao chake cha jina pamoja. Picha ya ua peke yake ni pambo, maana airisi za zambarau ni nyingi mno.

Mimi hubeba pia uzi wa sufu wa rangi moja. Kichaka ambacho ua lake nimeliona na nimelilinganisha na jina, nakifunga uzi chini kabisa, kwenye shina la majani. Julai nikirudi, nachimba penye uzi tu.

(Wazee hawa huitwa kwa majina yao ya kwanza, na wenyewe ndivyo wanavyotaka. Ulimi wangu umekataa. Kuna mmoja namwita Mzee, na sasa anaitika.)

Hatua ya 4: Chimba, kagua, osha

Kuchimba unajua. Nitasema matatu.

Tunguu lililochanua mwaka huu halitachanua tena. Utalitambua kwa kovu la mviringo juu yake, pale bua la ua lilipokuwa. Uza watoto wake wa pembeni, wale walionenepa na wenye mizizi ya kueleweka. Tunguu mama lisilo na mtoto ni la kutupa, hata likiwa kubwa kiasi gani.

Pili, kiwavi mtoboaji. Huku mashariki ya Milima ya Rocky ndiye adui namba moja. Nondo wake, Macronoctua onusta, hutaga mayai kwenye majani makavu wakati wa vuli. Masika kiwavi huingia ndani ya jani na kushuka polepole mpaka kwenye tunguu, akilifanya pango. Bonyeza kila tunguu kwa kidole gumba, na pakibonyea pakate papo hapo. Uozo wa bakteria huja nyuma ya kiwavi, na huo pua itakuambia kabla ya macho. Kiwavi akichomoza mezani mbele ya mteja, habari zitafika Indiana kabla ya jioni.

Tatu, kata majani yabaki kama sentimita 15, osha udongo kwa mpira wa maji, tumbukiza kwenye jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa kwa dakika kama kumi, kausha kivulini. Jua kali la Julai hulipika tunguu lililotoka majini.

Hatua ya 5: Majina

Hapa ndipo mauzo yanapoharibika, kwa hiyo vuta kiti.

Tunguu la airisi nyeupe na la airisi nyeusi halitofautiani hata kidogo. Mteja akinunua leo, ataona ua Mei ijayo kama amebahatika, na kama ulimpa jina lisilo lake atakukumbuka miezi kumi baadaye. Chama kimoja nikijuacho kilipokea boksi zima ambalo karatasi za majina zilikuwa zimelowa na kubanduka njiani. Kamati ilikaa jioni nzima ikibishana, na mwishowe boksi zima liliuzwa bila jina kwa bei ya kutupa, ingawa mwenyewe alikuwa amenunua aina zile kwa fedha nyingi.

Kwa hiyo: jina liandikwe kwenye jani. Si kwenye karatasi, si kwenye mfuko, si kwenye selotepu iliyozungushwa. Kwenye jani lenyewe, kwa maka peni ya wino usiofutika. Najua kuna wanaotetea selotepu ya karatasi, nimewasikia, na nimeona pia selotepu zao zikielea kwenye beseni la jiki. Biki usithubutu, inachana jani na haisomeki.

Jani liwe kavu. Futa kwa kitambaa, chagua jani pana la nje, andika ukianzia chini kwenda juu. Usianzie nchani, kwa sababu daima atatokea mtu mwenye mkasi anayetaka majani yalingane, naye atakata nusu ya jina. 'Stepping Out' ikikatwa inabaki 'ing Out', na hapo utaanza kupekua orodha. Jani likinyauka maandishi husinyaa lakini yanasomeka. Andika majani mawili ikiwezekana.

Mezani pawe na aina moja tu kwa wakati mmoja. Chimba aina moja, osha, tumbukiza, kausha, andika kila kipande, funga boksi, ndipo ulete nyingine. Inachosha, na watu watakuambia mabeseni matatu yanaharakisha. Yanaharakisha kuchanganya. Ukilazimika kuwa na mabeseni zaidi ya moja, kila beseni liwe na mtu wake asiyebanduka. Na kichaka kikivunjwa vipande vinane, majina yawe manane hapo hapo, kabla simu haijalia.

Kuna mchanganyiko unaoanzia bustanini, na huo ni mgumu zaidi. Vichaka viwili vikikaa miaka minne bila kugawanywa huingiliana, kwa hiyo usichukue tunguu la mpakani, chukua la katikati penye uzi. Pia kama mwenye bustani aliacha matumba ya mbegu yakapasuka, mbegu zinaota humo humo kichakani. Mche wa mbegu haufanani na mama yake na hauna haki ya jina la mama yake. Ukiona majani machanga yenye mzizi wake peke yake, yasiyoshikana na tunguu lolote, ng'oa, tupa. Vibao vya plastiki navyo usiviamini sana. Jua huvikausha vikavunjika, na baridi ikiinua udongo vinahama. Mwenye ramani ya bustani kwenye daftari ndiye ninayemwamini.

Sasa tahajia. Jina la aina halitafsiriwi wala halirekebishwi. American Iris Society ndiyo msajili wa kimataifa wa airisi zote zisizoota kutoka kwenye kitunguu cha duara (tunguu letu si kitunguu), na ensaiklopidia yake ya airisi iko wazi mtandaoni. Ingiza kila jina humo kabla hujachapa orodha. Kwenye orodha weka jina, mzalishaji, mwaka, kundi na rangi: 'Stepping Out', Schreiner, 1964, TB, nyeupe yenye kingo za zambarau. Ukitaka kumvuta mteja ongeza kwamba ilipata medali ya Dykes, tuzo ya juu kabisa ya airisi, mwaka 1968. TB ni zile ndefu zinazozidi inchi 27.5. SDB, zile fupi, ni inchi 8 hadi 16. Katikati pana makundi matatu, IB (za kimo cha kati), BB (za mpakani) na MTB (ndefu ndogo), yenye urefu ule ule, na watu huyachanganya kila mwaka. Usiyakisie kwa rula, yasome kwenye usajili.

Na isiyo na jina ibaki haina jina. Itatokea airisi nyeupe, na mtu mwema atasema, "Hiyo ni 'Immortality', tazama inachanua tena vuli." Nyeupe zinazochanua mara mbili haziko moja. Aina zilizosajiliwa ni makumi ya maelfu. Andika "haina jina", taja rangi kama picha ipo, weka kwenye boksi lake mbali na meza kuu. Jina la kukisia likishatoka hapo mlangoni halirudi. Mteja atagawia jirani, jirani atagawia chama kingine, na miaka mitano baadaye utaletewa wewe mwenyewe kama mchango.

Hatua ya 6: Bei

Aina za zamani dola 5, za miaka ya karibuni 8 au 10, zisizo na jina dola 2. Bei ziwe chache ili mzee anayepokea pesa asihitaji kikokotoo. Aina mpya kabisa, ambazo kwa wazalishaji hufika dola 50 na kuzidi, zipigiwe mnada usiku wa wanachama kabla ya mauzo. Mnada mbele ya umma siupendi. Watu wawili hushindana na sitini wanaondoka mikono mitupu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Panga meza kwa rangi, si kwa alfabeti. Alfabeti ni ya wanachama; mama aliyekuja na mjukuu wake anatafuta "ile ya pinki". Weka picha ya ua mbele ya kila boksi, utaona 'Beverly Sills' ya pinki inaisha kabla ya saa tano asubuhi kwa sababu ya picha tu. Kila mfuko uingie na karatasi ya upandaji: jua saa 6 kwa siku, mgongo wa tunguu uonekane juu ya udongo, usirundike matandazo. Wageni wengi huzika tunguu kama kiazi, kisha linaoza na chama kinalaumiwa.

Pesa taslimu, hundi na kadi, zote zipokelewe.

Hatua ya 8: Kufunga

Wawili wahesabu pesa pamoja na wote waweke sahihi kabla mtu hajaondoka ukumbini. Mabaki yenye majina mrudishie mchangiaji kwanza. Asipoyataka, uliza chama jirani ambacho hakijauza. Yasiyo na jina yapeleke kanisani, msikitini au shuleni, popote penye ukuta unaopata jua. Kama hayana pa kwenda siku hiyo, yatandaze kwenye trei mahali pakavu penye hewa. Yatakaa wiki mbili bila shida. Usiyaweke kwenye ndoo ya maji wala kuyafungia kwenye mfuko wa plastiki.